Usingizi wa Bwana Lali

Siku niliyoagwa kazini nilipewa keki na kanga mbili, kisha nikaambiwa niseme neno. Nilishikwa na haya, nikasema asanteni, nikakaa. Mmoja wenu alinijia baadaye akaniambia, "Daktari, miaka yote hiyo, na neno ni asanteni tu?" Basi haya ndiyo niliyopaswa kuyasema siku ile. Sasa nimekaa kitako, na hakuna anayesubiri kisu cha keki.

Habari za vyeo na mishahara nitawaachia waliovipata. Mimi nitawaeleza nilivyoanza, aliyenifunza, na mgonjwa mmoja aliyenisumbua kuliko wote. Mgonjwa huyo hakuwa na donda wala homa. Tabu yake ilikuwa kulala.

Nilikuja Amu, yaani Lamu, nikiwa msichana wa Makueni, afisa tabibu mpya, ingawa tangu siku ya kwanza watu waliniita daktari na mimi sikuwakataza. Kiswahili nilikuwa nimekifaulu vizuri shuleni. Nilivuka maji kutoka Mokowe nikiamini kwamba lugha, angalau, haitanisumbua.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee wa Matondoni. Aliketi, akanisalimu kwa adabu, akasema, "Mato yaniuma." Kwa Kikamba neno linalokaribia sana hilo maana yake ni masikio. Nikachukua kimulimuli changu kipya, nikamchungulia sikio la kulia, kisha la kushoto. Mzee alitulia tuli, akafikiri labda ndivyo wanavyofanya bara. Muuguzi mmoja aliyekuwa akipanga bandeji pembeni alinitazama mpaka nikamaliza, ndipo akasema pole pole:

"Bi Daktari, mzee ana tabu ya mato, nawe wamtazama mashikio."

Akaniwekea kidole chini ya jicho lake mwenyewe ili nielewe. Mzee alicheka kuliko sisi sote. Alipona macho yake, na kwa miaka mingi kila aliponiona sokoni alishika sikio.

Muuguzi yule alikuwa Sista Khadija, mwenyeji wa Pate, na ndiye aliyenifunza kazi. Chuoni nilifunzwa magonjwa, yeye akanifunza wagonjwa. Hakuwa mpole. Ukimuuliza jambo ambalo ungeweza kulijua kwa kumtazama mgonjwa, alikujibu, "Muulize mwenyewe, huyo hapo." Ila kulikuwa na aina moja ya mgonjwa ambaye alinikataza kumuuliza.

"Mgonjwa wa usingizi hajui ugonjwa wake," aliniambia. "Yeye alikuwa amelala. Muulize aliyekuwa mato."

Kufikia hapo nilijua mato ni nini.

Alinipa somo hilo kwa sababu ya koplo mmoja kutoka bara, mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliyekuja kutaka dawa ya kichwa. Kila asubuhi kichwa kilimgonga. Nilimpima presha, nikampima malaria, nikampa dawa za maumivu, akarudi. Sista Khadija akamwambia aje na mwenzake wa chumbani. Mwenzake akaja, akasema bila kuulizwa mara mbili, "Daktari, huyu hakoromi tu. Anakoroma, halafu ananyamaza kabisa, mimi nahesabu nikidhani amekufa, halafu anashtuka kama mtu anayetoka chini ya maji. Sisi wote tumehama chumba." Koplo alimtazama kwa mshangao wa kweli. Alikuwa akidhani wenzake walihama kwa sababu ya joto.

Hivyo ndivyo nilivyokutana na ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini. Mtu akilala, koo lake hulegea na kujiziba, hewa haipiti, ubongo unamshtua avute pumzi, na mchezo huo unarudiwa usiku kucha. Yeye anajua tu kwamba amelala usiku mzima na ameamka amechoka. Koplo tulimwachisha pombe ya jioni, akapunguza uzito, akajifunza kulala ubavu, na wenzake wakarudi chumbani. Nikadhani nimeujua ugonjwa huo. Mgonjwa wa kwanza akipona upesi, anakupa kiburi ambacho wa pili atakuja kukivunja.

Vifaa vyangu vya kazi hiyo havikuwa vingi. Nilikuwa na kibano kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, ambacho mgonjwa aliweza kulala nacho. Nilikuwa na mizani. Nilikuwa na utepe wa fundi cherehani wa kupimia shingo, kwa sababu shingo nene mara nyingi ina koo jembamba ndani yake. Wanaume wa Amu walifurahia sana kupimwa shingo. Waliniuliza kanzu itakuwa tayari lini.

Sasa nije kwa Bwana Lali. Ndiyo, jina lake ni Lali, ni jina la kawaida kule, na utani wote mnaoufikiria alikwisha kutaniwa kabla yenu.

Bwana Lali alikuwa nahodha wa boti ya injini, mkaazi wa mtaa wa Wiyoni, na kazi yake ilikuwa kuvusha abiria kati ya Amu na uwanja wa ndege wa Manda. Mtu mkubwa, ndevu nzuri zilizotunzwa, mcheshi. Aliletwa kliniki na mkewe, Bi Isha, siku moja baada ya kuigonga gati ya Manda mchana kweupe, boti imejaa wageni. Hakuna aliyeumia. Sanduku la mgeni mmoja lilitumbukia majini likaopolewa. Bwana Lali alisema mkondo ulimsukuma. Bi Isha alisema, "Mkondo gani? Alikuwa amelala na mkono kwenye usukani. Hata mezani hulala na tonge mkononi."

Nilimuuliza Bi Isha ya usiku. Akanieleza yale yale ya koplo, makubwa zaidi. Yeye mwenyewe alikuwa amehamia chumba cha juu tangu Ramadhani iliyopita. Shingo ya Bwana Lali ilikaribia kumaliza utepe wangu. Presha yake ilikuwa juu ingawa alikuwa akitumia dawa. Nikamwandikia aende Mombasa kwa daktari bingwa, akapimwa usingizi huko, na ndugu zake wakamtafutia mashine inayosukuma hewa puani kupitia barakoa ili koo lisizibe. Alirudi nayo kwenye begi kama mtu aliyetoka Hijja na zawadi.

Mwenye boti alikuwa amemwambia hatashika usukani mpaka mimi niseme amepona. Mimi nilidhani ni jambo la wiki chache. Mashine ipo, mgonjwa anataka kazi yake, mke anamsimamia. Akarudi kliniki. Bado anasinzia. Nilimpa kibano alale nacho, na namba zilikuwa bado zinashuka usiku. Aliketi kliniki akisubiri zamu, nilipomwita hakusikia. Alikuwa amelala wima, mdomo wazi, na mama mmoja mwenye mtoto alikuwa amemfunika uso kwa gazeti ili nzi wasimsumbue.

"Bi Daktari," aliniambia nilipomwamsha, "mashine naivaa. Wallahi naivaa. Sema nimepona nirudi kazini. Wageni ndio hawa wamekuya, na mimi nakaa nyumbani kama mwari. Waniua kwa ndaa."

"Siwezi, Bwana Lali."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki," nikamwambia. "Ukilala wewe peke yako baharini ni shauri lako na Mola wako. Ukilala na watu kumi na wawili ndani, ni shauri langu pia."

Alisimama, akatoka. Tangu siku hiyo hakunisalimu. Nyinyi mnaotoka bara mtaliona hilo dogo. Amu njia ni nyembamba, mnakutana bega kwa bega, na mtu asipokupa salamu ni kama ukuta umekugeuzia mgongo. Ndugu zake nao wakanisalimu nusu nusu. Nilikwenda kwa Sista Khadija, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu na anafuga kuku wakali, nikamwambia nimeharibu uhusiano na nusu ya Wiyoni.

"Amekununia akiwa hai?" akaniuliza.

"Hai."

"Alhamdulillahi," akasema, akaendelea kuwatupia kuku mtama.

Lakini jambo lenyewe lilinikera. Mashine ilikuwa nzuri. Nilijua kama si mashine, basi ni mtu, au ni kitu kinachoingia ndani ya mtu. Nikamtumia Bi Isha ujumbe: nitakuja nyumbani kwenu mchana, baada ya adhuhuri, Bwana Lali akijilaza kama kawaida. Msimzuie. Na nikamwomba jambo moja zaidi. Waniwekee mezani dawa zote zilizomo nyumbani. Nilitaka zote, hata panadoli, hata dawa ya miti.

Niliingia, Bi Isha akanikaribisha kwa maji ya ukwaju, na kutoka chumba cha chini nikasikia mngurumo. Tulichungulia. Bwana Lali alikuwa amelala na barakoa yake, kweli anaivaa, nikamsamehe palepale. Lakini mambo mawili niliyaona kabla sijaketi. La kwanza, hewa ilikuwa ikivuja kwenye ndevu. Barakoa ile ilifunika pua na mdomo, na kingo zake zilikaa juu ya ndevu kama boti iliyopanda mwamba. Ilipiga mluzi. La pili ni kitanda. Kilikuwa kitanda kizuri cha kamba, cha miguu iliyochongwa, cha babu yake, na kamba zilikuwa zimelegea mpaka katikati pamekuwa bonde. Mtu mzito akijaribu kulala ubavu humo, bonde linamviringisha chali. Na chali ndiko koo lake linakojifunga.

Bwana Lali akaamka, akaniona, akaweka uso wa ukuta. Lakini alikuwa nyumbani kwake na mimi ni mgeni, adabu ikamshinda. "Karibu, Bi Daktari," akasema, neno la kwanza baada ya muda mrefu. Tukaketi watatu mezani mbele ya dawa.

Kulikuwa na vidonge vyake vya presha, aina mbili. Nikauliza hiki cha kukojoza anakimeza saa ngapi. "Jioni," akasema, "nisikisahau." Kumbe usiku kucha anavua barakoa kwenda msalani, na mara nyingine anarudi bila kuivaa tena. Nikamwambia kihamie asubuhi. Rahisi. Kulikuwa na mafuta ya habasoda, sikuwa na ugomvi nayo. Kisha nikaona kikopo cha vidonge vidogo vya manjano, vile vya mafua.

"Hivi ni vya nani?"

"Ni zake," akasema Bi Isha. "Ile mashine yamkausha pua, inaziba. Basi jioni mimi humpa zidonge hizi, mbili, na chai."

"Kila jioni?"

"Kila jioni. Namhurumia."

Nikaeleza kwamba vidonge vile hufungua pua kidogo na humlaza mtu sana, na uzito wake hufika mpaka kesho yake. Bi Isha akaweka mkono mdomoni. Nikamwambia hana kosa, kikopo chenyewe hakisemi. Nilipokuwa nikisema hayo nilimtazama Bwana Lali, nikaona anatazama sakafu kwa bidii kupita kiasi. Nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeomba dawa zote.

"Bwana Lali," nikasema, "na nyingine?"

"Nyingine zipi?"

"Sijui. Ndiyo maana nauliza."

 Bi Isha akageuka akamtazama. Bwana Lali akanyanyuka, akaingia chumbani, tukasikia akisogeza kitu kizito, akarudi na pakiti ya vidonge vya usingizi. Akaiweka mezani kama mtu anayesalimisha silaha.

"Nilikuwa sipati usingizi na kile kitu usoni," akasema. "Rafiki akanambia hizi zitanisaidia. Nikinywa, nalala."

"Tangu lini?" akauliza mkewe.

"Tangu mashine."

"Na mimi nakupa zidonge zangu na chai."

"Nami nameza zangu ukishapanda juu."

Wakatazamana. Nilikuwa tayari kwa ugomvi, nikashika kikombe changu nisije nikatakiwa kuamua. Lakini Bi Isha aliuma kanga, mabega yakaanza kumtikisika, na alipoachia kicheko Bwana Lali naye akashindwa. "Twakunywesha dawa kama mtoto wa ng'ombe," Bi Isha akasema akifuta macho, "mmoja mbele, mmoja nyuma, halafu twamlaumu daktari."

Nilisubiri wamalize, kwa sababu niliyokuwa nayo hayakuwa ya kuchekesha. Nikamwambia Bwana Lali kwamba kidonge kile hulegeza misuli yote, ya koo pia. Mashine inajitahidi kufungua mlango, kidonge kinaegemea mlango huohuo kwa ndani. Na mashine ikivuja, kinachobaki ni kidonge tu. Angeweza kulala asiamke.  Mkono wake mkubwa ulikuwa umelala mezani, Bi Isha akaweka wake juu yake, na hakuna aliyecheka tena.

Nikauliza pia kwa nini asipate usingizi mtu anayesinzia kutwa. Hapo akakiri bila kusukumwa: alasiri yote alitafuna majani ya muguka na wenzake barazani ili asilale mbele ya watu. Sasa duara lote lilikuwa wazi. Mchana anasinzia, basi anatafuna. Ametafuna, basi usiku macho hayafungi. Hayafungi, basi anameza kidonge. Amemeza, basi pumzi inakatika, na kesho anasinzia.

Mnapokutana na duara kama hilo msikate kila mahali kwa siku moja. Vidonge vya usingizi havikatizwi ghafla, vitamgeukia mtu. Nilizungumza kwa simu na daktari wa Mombasa, tukapanga kuvipunguza kidogo kidogo, na Bi Isha akawa mlinzi wa pakiti. Vile vya manjano tuliviacha mara moja. Badala yake alisafisha pua kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye chumvi kidogo, kisha akapuliza dawa ya pua isiyolaza. Muguka aliuacha kwa manung'uniko, chai nayo ikakoma alasiri. Ndevu sikuzigusa, maana huo ni mlango wa dini, na daktari habishi hodi hapo. Tuliomba Mombasa barakoa ya aina nyingine, ndogo, inayokaa chini ya matundu ya pua tu, na ndevu zikabaki na heshima zao.

Kitanda ndicho kilichofurahisha watu. Aliitwa fundi wa kuwamba, akavua kamba zote kuukuu, akawamba mpya kwa kuzikaza mpaka ukizipiga zinalia. Jirani wakaja kuuliza kuna harusi gani. Bwana Lali aliwajibu kwamba ameandikiwa kamba na daktari. Kwa muda mrefu baada ya hapo, mtu yeyote wa Wiyoni aliyekuja kwangu na tabu ya mgongo au tumbo aliniuliza kama naye aite fundi.

Haikwenda sawasawa. Wiki za kwanza za kupunguza vidonge alikuwa mkali kama kuku wa Sista Khadija. Umeme ulipokatika, mashine ilinyamaza na yeye akalala kwa ubavu tu na kumwomba Mola. Alinipigia simu mara moja kusema dawa zangu zote ni uongo, na mara ya pili kusema nimsamehe kwa ile ya kwanza. Lakini namba za kibano zikaanza kupanda na kukaa juu. Presha ikateremka. Siku moja aliketi kliniki akisubiri zamu, foleni ndefu, na nilipotoa kichwa nikamkuta akimsimulia mzee mwenzake kisa cha sanduku lililotumbukia Manda, macho yake maangavu, akiigiza kwa mikono yote miwili. Nilimwacha asubiri zaidi ya kawaida, kusudi. Hakusinzia.

Daktari wa Mombasa naye alipomwona akaridhika, nami nikamwambia mwenye boti kwamba Bwana Lali anaweza kushika usukani. Nilivuka naye wiki ileile kwenda kupokea dawa uwanja wa ndege. Nilikaa mbele kabisa ili nimwone uso. Alijua kwa nini nimekaa pale, na njia nzima alinikodolea macho makubwa kama bundi, mpaka abiria wengine wakaanza kuulizana.

Mnafikiri kisa kimeisha, na mimi nilifikiri hivyo. Siku chache baadaye Bi Isha alikuja kliniki peke yake. Alikuwa na weusi chini ya macho. Nikamuuliza kama Bwana Lali amerudia.

"La. Alala kama mtoto. Nami nimerudi chumba cha tini."

"Basi?"

"Ni mimi silali." Alivuta kanga, akaona haya. "Miaka yote nimelala na ule mngurumo. Hata nikiwa juu nilikuwa nikiusikia, nikiusikia najua yuko. Sasa ni kimya, Bi Daktari. Naamka kila saa kumsikiza kama yu hai."

Mimi ni mtu wa kuandika dawa, na dawa ya hilo sikuwa nayo.  Nikamwambia mumewe akilala ubavu, amwekee mkono mgongoni. Ukipanda na kushuka, afumbe macho.

Tulikutana tena sokoni, amebeba ndizi na mkono mmoja anaukunjua na kuukunja. Nikamuuliza habari za usingizi.

"Mkono wafa ganzi," akasema, "lakini nalala."